Mpe mwanao kitabu kisichotahiniwa

 

Juma lililopita, nilipokuwa nikitoka kanisani, mama mmoja jirani yangu alinishika mkono akanivuta kando ya lango. Nilidhani anataka nimkopeshe pesa, maana mwisho wa mwezi ulikuwa bado mbali. Kumbe haja yake ilikuwa nyingine kabisa.

"Mama Neema," akaniambia, "si wewe ndiwe unayeandika mambo ya vitabu gazetini? Shule zinafungwa. Niwanunulie wanangu kitabu gani cha hadithi? Lakini tafadhali, kiwe cha kuwasaidia kwenye mtihani."

Swali lake lilikuwa jema, na kina mama wanaouliza hivyo ni wachache. Ni yale maneno ya mwisho yaliyonikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilimwahidi kwamba nitamjibu hapa, mbele ya wasomaji wote, maana najua hayuko peke yake. Hata mimi niliwahi kusimama pale pale aliposimama yeye.

KILICHONIPATA NYUMBANI KWANGU

Likizo ya Agosti mwaka 2024, mtoto wa kaka yangu alikuja kukaa nasi majuma mawili. Wakati huo alikuwa kidato cha tatu. Jioni moja niliporudi kutoka kazini nilimkuta akizunguka sebuleni, mikono nyuma kama mwalimu wa zamu, huku akikariri: "Maudhui. Ukabila. Ufisadi. Nafasi ya mwanamke. Sifa za Mangwasha: ni jasiri, ni mwenye bidii, ni mwenye msimamo."

Nikatambua kwamba anasoma Nguu za Jadi, riwaya ya Profesa Clara Momanyi. Moyo wangu ukafurahi. Mangwasha ni mwanamke anayefanya kazi katika ofisi ya chifu, mke na mama, ambaye anaona kwa macho yake jinsi viongozi wanavyoligawanya taifa kwa misingi ya ukoo na kabila, naye hakubali kunyamaza. Nani asiyemjua mama kama huyo hapa Kenya?

Nikaketi, nikavua viatu, nikamwuliza: "Sasa niambie, ni wapi huyo Mangwasha alipokutia hofu?"

Kijana akasimama. "Hofu?"

"Naam. Ni ukurasa gani uliokukataza kukifunga kitabu hata usingizi ukikubana?"

Akacheka kidogo, akaangalia sakafu. "Shangazi, mimi kitabu chenyewe sijakishika. Nina mwongozo."

Lo! Kwa msomaji asiyeujua, mwongozo ni kile kijitabu kinachomweleza mwanafunzi yaliyomo katika riwaya, sura kwa sura, pamoja na maudhui, sifa za wahusika, maswali na majibu yake. Si kitu kibaya kwa aliyekwisha soma riwaya. Lakini kwa ambaye hajaisoma, ni kama kusimuliwa arusi na aliyehudhuria. Utajua bibi arusi alivaa nini na pilau ilipikwa na nani, lakini tumboni mwako hamna hata punje moja ya mchele.

Nilianza kuilaumu shule. Aliniambia kwamba darasani mwao walishauriwa wanunue mwongozo kwanza, riwaya baadaye wazazi wakipata fedha. Nikapandisha sauti, nikasema mambo mengi juu ya walimu wa siku hizi. Kijana akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema polepole:

"Lakini Shangazi, hata wewe jana ulimnyang'anya Neema kitabu."

Nikanyamaza. Ilikuwa kweli tupu. Binti yangu, ambaye alikuwa na umri wa miaka saba, alikuwa amejilaza kwenye zulia na kitabu cha hadithi, midomo ikichezacheza kwa kusoma. Nami nilipita nikaona daftari la hesabu halijafunguliwa. Nikamwambia, na maneno yenyewe nayakumbuka yote: "Weka hadithi chini, uchukue kitabu usome."

Tafakari maneno hayo, msomaji. Weka hadithi chini, uchukue kitabu usome! Mimi, ninayelipwa kuandika juu ya hadithi, nilikuwa nikimfundisha mwanangu kwamba hadithi si kitabu na kuifuatilia si kusoma. Akiyameza mafunzo hayo vizuri, akifika kidato cha tatu atanunua mwongozo.

Tangu siku hiyo nyumba yangu ina kanuni moja. Kila likizo kila mtu, mkubwa kwa mdogo, anapata angalau kitabu kimoja kisichotahiniwa. Hakuna maswali mwishoni wala ufupisho wa kuandika. Hakuna atakayeulizwa amejifunza nini. Basi hivi ndivyo vitabu ambavyo mimi na jamaa zangu tumevisoma kwa kanuni hiyo, na ambavyo naweza kukupendekezea bila kuuma maneno.

KWA WADOGO WANAOSOMEWA

Naanza na Sulwe, kitabu cha picha cha mwigizaji wetu Lupita Nyong'o. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2019 kikiwa na michoro ya Vashti Harrison, na mwaka 2021 kikachapishwa hapa nchini kwa Kiswahili na Dholuo na Bunk Books. Sulwe kwa Kijaluo ni nyota. Msichana mwenye jina hilo ana ngozi nyeusi kama usiku wa manane, ilhali dada yake ni mweupe na watu wote humsifu. Sulwe anajaribu kila njia ajigeuze rangi. Anatumia ufutio, anajipaka vipodozi vya mamake, anakula vyakula vyeupe vyeupe, anaomba Mungu. Hatimaye nyota inamchukua na kumsimulia kisa cha ndugu wawili, Usiku na Mchana, na yaliyowapata walimwengu siku Usiku alipochoka kutukanwa akaenda zake.

Nilimsomea Neema kitabu hiki kitandani. Tulipofika kwenye ufutio hakucheka, bali aliniuliza: "Mama, na wewe ulijaribu?"

Sikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo. Mwanangu ni mweusi kama mimi, na nilikuwa na habari kwamba kuna watoto shuleni wanaomwita makaa. Yeye hakuwa na habari kwamba mamake, alipokuwa chuoni akisomea uandishi wa habari, alitumia mkorogo karibu mwaka mzima hadi mashavu yakaanza kuwasha. Nilimwambia ukweli. Tulizungumza mpaka saa nne za usiku, na kesho yake ilikuwa siku ya shule. Hakuna mtihani uliowahi kutufungulia mlango wa mazungumzo kama yale.

Cha pili ni kisa cha marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuacha tarehe 28 Mei 2025. Wengi wetu tunamjua kwa riwaya nzito, lakini aliwaandikia watoto pia. Kisa hiki alikiandika kwa Kikuyu, na mwaka 2016 waandishi vijana wa jarida la Jalada walikitoa kwa pamoja katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo. Kwa Kiingereza kinaitwa The Upright Revolution. Kinaeleza ni kwa nini binadamu hutembea wima. Hapo kale, kinasema, tulitembea kwa mikono na miguu kama wanyama wengine, na viungo hivyo vilipatana vizuri mno, hata viungo vingine vikaingiwa na wivu na kuanza kuchochea: ni nani aliye bora, mkono au mguu? Yaliyofuata utayacheka peke yako ndani ya matatu. Kisome kwa sauti, ukibadilisha sauti kwa kila kiungo. Ukiona aibu kufanya hivyo mbele ya mwanao, funga mlango.

KWA WALIOANZA KUJISOMEA

Mtoto wa miaka tisa hadi kumi na miwili anataka vituko. Usimpe kitabu kinachomhubiria. Mpe Hekaya za Abunuwasi. Najua utasema hicho ni cha zamani, babu yako alikisoma. Ndiyo, na ndiyo maana nakitaja. Abunuwasi bado anawashinda wafalme na matajiri kwa akili, na watoto bado wanampenda. Hekaya zenyewe ni fupi, kwa hivyo hata mvivu wa kusoma humaliza moja kabla hajaitwa kula.

Ukitaka kipya zaidi, tafuta Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Dkt. Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2015. Ni kile kisa cha Lewis Carroll cha msichana aliyemfuata sungura shimoni. Kiswahili kilikwisha kupata tafsiri ya kisa hiki mwaka 1940, lakini lugha hukua kama mtoto, na nguo za kaka hazimkai mdogo milele. Nikuonye tu kwamba si kila mtoto hukipenda. Wengine husema hakieleweki. Mwanao akikitupa baada ya kurasa ishirini, mwache, ujaribu kingine.

KWA WANAFUNZI WA SEKONDARI

Hapa ndipo pagumu, kwa sababu kijana wa kidato amekwisha kuaminishwa kwamba riwaya ni adhabu. Dawa ninayoijua ni moja: Siku Njema ya Ken Walibora. Kilitoka mwaka 1996, kikatahiniwa, kisha kikaondolewa kwenye orodha ya mitihani. Mimi nilikikuta ndani ya sanduku la dada yangu mkubwa, kikiwa hakina jalada, wakati sisi tulikuwa na vitabu vingine vya kutahiniwa. Nilikisoma bila kalamu mkononi. Kongowea Mswahili, kijana aliyelelewa Tanga, anafunga safari ndefu kumtafuta baba asiyemjua mpaka huku kwetu, hadi Kitale. Nililia, na sikujua kama kulia ni maudhui au ni mbinu ya uandishi.

Walibora aliaga dunia mwezi Aprili mwaka 2020, baada ya kugongwa na basi hapa Nairobi. Ukimpa kijana wako Siku Njema na akaipenda, mwongezee Kidagaa Kimemwozea ya mwaka 2012. Akimaliza, hutahitaji tena kumchagulia.

Kwa kijana anayependa filamu za upelelezi, mtafutie Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohammed Said Abdulla wa Zanzibar, iliyochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa, kiko mdomoni, anachunguza kifo cha mtu aliyekutwa mzimuni, na hadanganyiki na vitisho vya mashetani. Kiswahili chake ni kitamu kama halua, ingawa mwanafunzi wa bara atahitaji kamusi kando yake. Na kwa anayesema yeye ni mtu wa sinema, mwambie kwamba Vuta n'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999, ilitengenezewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Atazame, kisha asome, mbishane nyumbani juu ya kipi kimeshinda.

KWA BABA NA MAMA

Mzazi asiyesoma hawezi kumwamuru mtoto asome. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa mtazama simu ni mtazama simu. Kwa hivyo nawe chukua chako.

Changu cha miaka hii ni Peponi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina Paradise. Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka 2022 kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikakitoa kwa Kiswahili, mfasiri akiwa yule yule Ida Hadjivayanis wa Alisi. Miaka 28! Kitabu kilichozaliwa na watu wetu kilizunguka dunia miaka 28 ndipo kikabisha hodi nyumbani.

Yusuf ana umri wa miaka 12. Anampenda Ami Aziz, tajiri wa pwani, kwa sababu kila akija kuwatembelea humpa sarafu. Siku moja anaambiwa afunge vitu vyake, atasafiri na ami yake kwa gari moshi. Huko pwani, kijana mwenzake wa dukani anamweleza jambo ambalo wazazi wake hawakuwa na ujasiri wa kumwambia: Aziz si ami yake hata kidogo, na yeye Yusuf ametolewa rehani kwa deni la babake. Kutoka hapo tunakwenda na msafara wa biashara hadi bara, wakati Wajerumani wanajipenyeza katika nchi. Nilipokuwa nikisoma niliwafikiria wale wasichana tunaowatoa mashambani tukisema "ni mtoto wa jamaa yetu, amekuja kutusaidia kazi." Sikulala vizuri. Kitabu hakikunikaripia hata mara moja, lakini sikulala vizuri.

Kwa anayesoma Kiingereza, usipitwe na The House of Rust cha Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, kilichotoka mwaka 2021. Msichana Aisha anaingia baharini kumtafuta babake mvuvi, chombo chake ni mifupa na msafiri mwenzake ni paka anayesema. Mwaka 2022 kilikuwa cha kwanza kupata Tuzo ya Ursula K. Le Guin huko Marekani. Lugha ni ya Kiingereza, lakini pumzi ni ya Kibokoni na Mji wa Kale.

Na kama hujui riwaya mpya za Kiswahili zinapatikana wapi, fuata orodha ya washindi wa tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Humo utakutana na majina kama Mmeza Fupa cha Ali Hilal Ali, kilichoshinda mwaka 2017, na Mungu Hakopeshwa cha Zainab Alwi Baharoon, kilichoshinda mwaka 2018. Majina yenyewe tu yanakufanya utake kufunua ukurasa wa kwanza.

"LAKINI VITABU NI GHALI"

Nakusikia, msomaji. Ni kweli. Ushuru wa asilimia 16 uliowekwa kwenye vitabu mwaka 2013 haukumhurumia mzazi, na unga hauwezi kungoja. Lakini zipo njia.

Kwanza, maktaba. Jengo la McMillan katika Barabara ya Banda, hapa jijini, lilifunguliwa mwaka 1931, enzi ambazo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Ndugu zake wadogo wako karibu na wananchi, Kaloleni na Makadara, na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilizikarabati zikapendeza. Kumkosesha mtoto wa leo nafasi ambayo babu yake alinyimwa kwa sheria ni dhambi ndogo, lakini ni dhambi.

Pili, wale wauzaji wanaotandaza vitabu chini kandokando ya barabara, ambapo mteja lazima ainame. Nenda na mtoto, umpe kiasi cha fedha, umwache achague mwenyewe. Atachagua kibaya mara mbili, mara ya tatu atachagua vizuri.

Tatu, kubadilishana. Ploti yenu ikiwa na nyumba kumi na kila nyumba ikanunua kitabu kimoja, mna maktaba ya vitabu kumi. Andikeni majina kwenye daftari, maana kitabu cha kuazima kina miguu.

MWISHO WA KIJANA NA MWONGOZO WAKE

Huenda unajiuliza yule mtoto wa kaka yangu aliishia wapi. Siku ya kuondoka nilimtilia Siku Njema yangu ndani ya begi, nikamwambia hakuna atakayemwuliza swali lolote juu yake. Mwongozo pia alikwenda nao. Sikumkataza, mtihani ni mtihani.

Alipokuja tena mwezi Desemba nilimwuliza kitabu changu kiko wapi. Akajikuna kichwa. Alikisoma kwa siku tatu, akasema, kisha mwenzake wa kitanda cha juu akakiomba, kisha wa kitanda cha pili, kisha bweni la pili, na sasa hajui kiko kwa nani. Jalada lilikwisha kung'oka.

"Nisamehe, Shangazi. Nitakununulia kingine."

Nilimkaripia kidogo, kwa sababu mali ya watu ni mali ya watu. Kisha akaniambia kwamba kabla ya shule kufungwa alikwenda maktaba ya shule akaazima Nguu za Jadi yenyewe. "Kumbe Mangwasha ni mtu," akasema. Sikumwuliza alikuwa akidhani ni nini.

Sina ushahidi wa kukuonyesha kwamba alama zake zilipanda, na hata ningekuwa nao nisingeuandika hapa, maana ningekuwa nimerudi pale pale langoni mwa kanisa. Jirani yangu mpenzi, jibu lako ndilo hili. Wanunulie wanao kitabu ambacho hakitawasaidia kwenye mtihani. Msome pamoja ukurasa wa kwanza, kisha uondoke kimya kimya.

Nawe msomaji, niandikie unijulishe mnasoma nini kwenu likizo hii, hasa kitabu ambacho mtoto alikataa kukiweka chini alipoitwa kula. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia uhai. Kwaheri ya kuonana.